Ndia Kuu Haisomeki kwa Kiingereza

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana makala haya yatawagusa wengine, na si haki anayerusha mawe ajifiche nyuma ya ukuta.

Mwaka jana nilisimama katikati ya Mji wa Kale wa Mombasa, mimi mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu kutoka Kampala, nikiwatafsiria wafanyabiashara tisa maneno ya mwongozaji wao. Mwongozaji alizaliwa Kibokoni, hapo hapo mjini. Kiswahili ni lugha ya mama yake. Mimi Kiswahili ndicho ninachokisomea. Wafanyabiashara wale wanauza vitenge, sabuni, vyombo vya plastiki na vipuri vya pikipiki pale Kikuubo, na Kiswahili cha kupunguziana bei, kuulizia kontena na kugombana na dereva wa lori wanakijua kuliko wanavyokubali kukiri. Hata hivyo mwongozaji alisema kwa Kiingereza, nami nikakigeuza Kiingereza chake kuwa Kiganda. Tulikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja ana Kiswahili chake, kikubwa au kidogo, tumesimama katika barabara iitwayo Ndia Kuu, na lugha pekee ambayo haikutumika asubuhi ile ni hiyo iliyoipa barabara jina. Hakuna aliyeshangaa. Mimi mwenyewe sikushangaa mpaka jioni, nilipokuwa nafua soksi.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo. Wanachanga fedha, wanaagiza mzigo pamoja, wanagawana kontena moja. Kwa miaka saba mzigo wao umepita Mombasa na wao wenyewe hawajawahi kuiona. Waliijua kama jina lililoandikwa kwenye karatasi za forodha na kama mahali ambapo pesa hukwama. Safari ile walikuja kuonana na wakala wao uso kwa uso, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, wakabakiwa na asubuhi moja ya bure. Wakaomba watembezwe mjini. Ofisi moja ya kutembeza wageni, ambayo sitaitaja kwa kuwa zinafanana, ikawaletea ratiba ya ukurasa mmoja iliyosema kuwa haya ni matembezi ya vikundi vya biashara. Nimeilinganisha ratiba hiyo na ile ya watalii wa kawaida. Tofauti ni mbili: chupa ya maji kwa kila mtu, na dakika kumi za kupeana kadi. Watu wenyewe kadi hawana. Namba za simu wanaandikiana mkononi.

Tulianza saa tatu katika Ngome ya Yesu. Tulikaa humo saa moja na nusu. Tukaambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba mchoraji wake alikuwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, kwamba UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini yalisemwa kama mtoto anavyosema jedwali la kuzidisha, na kufikia saa nne watatu kati ya wageni wetu walikuwa wameketi kivulini wakihesabu bei ya saruji. Kisha tukatoka, tukaonyeshwa milango ya nakshi, tukapigwa picha mbele ya mlango mmoja, na wenye nyumba wakasubiri tumalize ndipo watoke. Kisha tukaingizwa katika duka la vinyago, ambako mwongozaji alisalimiana na mwenye duka kwa namna iliyotujulisha kwamba ana sehemu yake.

Ni pale nje ya duka la vinyago ambapo muuza vipuri, mtu asiyesema sana, aliuliza swali pekee la maana la asubuhi ile. Alitazama juu kwenye roshani ya nyumba moja ya ghorofa, akaniambia nimwulize mwongozaji: hawa waliojenga nyumba hizi, mali waliichukua kwa taslimu au kwa mkopo? Na kama ni kwa mkopo, aliyewakopesha alijuaje kwamba watarudi?

Nikalitafsiri. Mwongozaji akatabasamu, akajibu kwamba walikuwa matajiri sana.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba kijana yule hakuwa mjinga, wala mvivu. Ana jibu la swali lile kwa babu yake nyumbani. Alikosa kuulizwa kwa lugha ambayo jibu limehifadhiwa ndani yake. Na anayepaswa kubeba lawama kabla ya ofisi za utalii ni sisi, wanafunzi wa Kiswahili na walimu wetu, tuliouacha mji ulioandikwa kwa lugha yetu usomwe na wengine kwa lugha nyingine, kwa kuwa tunaona kutembeza wageni ni kazi ya vijana waliokosa alama za kuingia chuo.

Chukua hilo jina tu. Mwongozaji alilitafsiri: barabara kuu. Basi, tukapita. Darasani kwetu tumejazwa majedwali ya lahaja: Kimvita husema ndia pale Kiunguja kinaposema njia, husema nti kwa nchi, mtele kwa mchele, tungu kwa chungu. Tunayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau Desemba. Sasa hapa jedwali limebandikwa ukutani kama kibao cha barabara, na mwanafunzi mwenye jedwali hilo kichwani amesimama chini yake, kimya. Ningeweza kuwaeleza wale watu tisa kwamba mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, katika mji wa lahaja iliyoshindwa. Wafanyabiashara wangelielewa jambo hilo haraka kuliko sisi. Wanajua maana ya kipimo kimoja kulazimishwa soko zima, na wanajua nani hupata faida mizani inapobadilishwa.

Ofisi zitasema wafanyabiashara wanataka Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya biashara. Biashara ya nani? Wakala wa shangazi humpigia simu kwa Kiswahili. Dereva wa lori humwomba pesa ya ziada kwa Kiswahili. Mzigo ukikwama kwenye mizani barabarani, habari mbaya huja kwa Kiswahili. Kiingereza kimo kwenye fomu tu, na fomu hujazwa na wakala.

Sasa niseme jambo ambalo wenzetu wa Tanzania na Kenya huenda wasilione. Kwa Mganda wa umri wa shangazi, Kiswahili si lugha ya biashara tu. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tayari kilikuwa lugha ya kambi, na watoto wa siku zile walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na sisi wa idara tukashangilia, tukakata keki. Shangazi hakushangilia. Aliniuliza kama nitasomea uaskari.

Mwanamke huyo huyo, baada ya matembezi ya mwongozaji kwisha, aliingia katika duka moja la leso Mtaa wa Biashara, nje kidogo ya Mji wa Kale, kwa shida ya kawaida tu: alitaka kujua bei ya jumla. Nyuma ya meza aliketi mzee. Shangazi akamsalimia kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Mzee akaitikia kana kwamba ni Kiswahili kizima, akamwita mwanangu, akaagiza kahawa. Ilikuja kahawa ile chungu yenye tangawizi, wao husema kahawa tungu, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata. Wenzake wanane wakaingia mmoja mmoja wakidhani kuna bei nzuri. Kwa muda wa kama dakika ishirini mzee yule alieleza jinsi leso inavyoandikwa jina, jinsi mchoro unavyopelekwa kiwandani na kungojewa, kwa nini methali ikikosewa herufi moja mzigo mzima unadoda, na kwa nini hauzi leso moja bali jozi. Akamtaja Kaderdina Hajee Essak, yule mfanyabiashara wa Mombasa anayejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye husimuliwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye leso. Muuza vipuri akarudia swali lake la mkopo, safari hii mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mimi. Mzee akacheka. Akasema: anayekukopesha hakuangalii wewe, anaangalia nani anakusalimia ukipita.

Sikutafsiri neno hata moja. Shangazi alipotoka alikuwa amebeba leso sita na alikuwa anasema Kiswahili barabarani kwa sauti, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilifanya Kampala.

Basi kama nikipewa kikundi kile tena, au kikundi kingine chochote cha wafanyabiashara wanane au kumi kutoka Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma, ningepangaje? Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu tabia yetu wanachuo ni kulaumu mpango wa mtu kisha kukimbia kabla hatujaulizwa wetu.

Ningeanza wiki mbili kabla, kwa simu, na swali moja: mnauza nini? Ratiba ya muuza nguo haiwezi kuwa ya muuza samaki wakavu. Ngome ningeiweka mwisho, au ningeipa nusu saa, na humo ndani ningewapa neno moja: gereza. Limetoka kwa Wareno, igreja, yaani kanisa. Wareno walikuwa na kanisa lao ndani ya ngome. Waingereza wakaifanya ngome hiyo jela tangu 1895 hadi 1958. Mtu akilisikia neno hilo akiwa amesimama kwenye ua ule ule, hatahitaji kukariri mwaka wowote.

Mahali pa kuanzia ni Bandari ya Kale, asubuhi, upande wa mashariki wa kisiwa, palipo na maji ya jahazi. Wageni wetu wanaijua Kilindini peke yake, upande wa pili, kwa kuwa ndiko kontena zao zinakoshushwa. Hawajawahi kuambiwa kwamba jina lenyewe linasema kwa nini: ni kwenye kilindi, maji marefu ya meli kubwa. Hapa kwenye maji madogo ndipo lilipo jibu la muuza vipuri. Jahazi lilikuja na kaskazi, miezi ya Desemba hadi Machi, na halikuweza kurudi Uarabuni mpaka upepo ugeuke uwe kusi. Nahodha alikuwa hana budi kukaa. Katika kukaa huko aliuza, alinunua, alikopa, alikopesha, wengine walioa. Tarehe ya kulipa deni haikuandikwa na wakili. Iliandikwa na upepo, na aliyekosa kulipa msimu huu alijua kwamba msimu ujao atafikia kwenye bandari ile ile, kwa watu wale wale, akiwa na aibu yake. Mweka hazina wa kikundi cha kuchangiana anaielewa hesabu hiyo bila kuchorewa.

Kutoka hapo tungetembea kwa maneno. Simaanishi mhadhara. Namaanisha kwamba katika kila kituo ningewapa maneno mawili matatu ambayo tayari wamo nayo mfukoni, niwaonyeshe yalikotoka. Bandari na nahodha, Uajemi. Forodha, Uarabuni. Hundi, bima na gunia, Bara Hindi. Leso na meza, Ureno. Kisha ningeyageuza: ni nini kilichopanda juu kwetu? Edduuka la Kiganda ni duka. Ebbaluwa ni barua, ssabbuuni ni sabuni. Na fedha yenyewe, ensimbi, neno ambalo Mganda hulitamka mara mia kwa siku akiuza na kununua, ni simbi, zile kauri za bahari hii zilizotumika kama sarafu kwetu kabla ya shilingi. Fikiria umwambie hivyo mwanamke ambaye kwa miaka saba ameituma ensimbi yake Mombasa, akiwa amesimama hatua ishirini kutoka majini. Mwongozaji wa Kiingereza hawezi kumpa hilo, hata akiwa na shahada tatu.

Kwa wingi wa watu, nane wanatosha na kumi ni mwisho. Mitaa ile ni myembamba. Watu kumi na wawili wakisimama kusikiliza, mkokoteni haupiti, tuktuk haipiti, na mwenye kazi zake anawachukia wageni na ana haki. Ijumaa usipange chochote kuanzia saa tano na nusu mpaka saa nane. Siku nyingine usikifikishe kikundi kwenye mlango wa msikiti wakati wa adhana na kuanza kueleza. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa karibu mwaka 1570, bado unasaliwa, na watu wanaotawadha si maonyesho. Mavazi waambiwe mapema, wakiwa bado nyumbani, si pale barabarani mbele za watu. Picha za nyumba kwa ruhusa. Picha za watu kwa ruhusa ya wenyewe. Picha za wanawake mlangoni, hapana. Chai iwe mahamri na mbaazi kwa mama anayeuza mwenyewe, alipwe kabla, kwa idadi tuliyosema, hata kama wawili hawakuja. Na yule mzee wa leso, ikiwa atakubali kukaa nasi tena dakika ishirini, alipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa. Hapa najua walimu wangu watasonya. Waangalie basi walilipa nini mara ya mwisho kwa mgeni aliyesoma karatasi saa nzima bila kuinua kichwa.

Kuna mambo mawili ambayo mpangaji mwenye bidhaa ya kuuza atashawishika kuyafanya, na yote ni uongo.

La kwanza ni kuwafurahisha wageni. Ukiwaongoza Waganda Mombasa, ulimi utakuwasha uwaambie kwamba pembe za ndovu za Kabaka Ssuuna zilipita Ndia Kuu. Hazikupita. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda miaka ya 1840 walikuja kwa njia ya Tabora, na misafara hiyo ilitazama Bagamoyo na Unguja. Mombasa ilitufikia baadaye na kwa mkono mwingine: kampuni ya Waingereza iliyopewa hati mwaka 1888, kisha reli iliyoanza kujengwa hapa 1896, ikafika Kisumu 1901, ikaitwa Reli ya Uganda ingawa haikuwa imekanyaga Uganda tunayoijua leo. Kampala yenyewe iliifikia mwaka 1931. Kisa hiki ni kitamu kuliko ule uongo. Kinamwambia mfanyabiashara wa Kikuubo kwa nini mzigo wake unapita hapa na si pengine, na kwamba njia hiyo haikuchaguliwa na babu yake.

La pili ni zito zaidi. Matembezi ya wafanyabiashara yatapenda kusema habari za uaminifu, jahazi, kahawa na mikopo ya heshima, na kunyamazia kwamba katika daftari za mji huu waliandikwa pia watu. Pwani hii iliuza wanadamu na ililimisha wanadamu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini, lakini katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni, ndiko iliko Frere Town, walikowekwa waliokombolewa. Mpango wangu ungesimama mahali maji yale yanapoonekana, na hapo muuza vipuri angepata nusu ya pili ya jibu la swali lake: wakati mwingine rehani ilikuwa mtu. Ofisi itasema hayo yanaharibu hali ya furaha ya kikundi. Wafanyabiashara tisa waliosafiri usiku kucha kwa basi ili kumkabili wakala anayewazungusha hawahitaji kulindwa na ukweli.

Sasa pingamizi. La wenzangu darasani silijibu kwa urefu: eti mtu hakusomea ushairi wa Muyaka bin Haji ili awe anatembea juani na wageni. Muyaka alikuwa wa mji huu. Mashairi yake yamejaa watu, ugomvi na mambo ya mji huu. Anayeona haya kusimama juani Mvita aache pia kumnukuu Muyaka kwenye kiyoyozi.

La walimu ni kwamba utalii una idara yake na si taaluma yetu. Nimelisikia mara tatu, mara mbili nikiwa nimekaa kwenye kiti kifupi cha ofisini. Lakini ni nini kimo katika kazi niliyoieleza? Etimolojia imo. Lahaja zimo. Fasihi simulizi imo, kwa mdomo wa mzee aliye hai, si kwenye kitabu chenye vumbi. Tafsiri na ukalimani vimo, na isimu jamii imo tangu salamu ya kwanza mpaka kikombe cha mwisho. Idara ya utalii haina hata kimoja. Sisi tunavyo vyote, na tunavitumia kuandaa walimu kwa ajili ya shule ambazo hazijaajiri. Katika darasa letu la mwaka uliopita, ninaowafahamu mimi ni kumi na wanne. Wanaofanya kazi inayohusu Kiswahili ni wawili. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa, akafundisha Makerere, akafia Marekani mwaka 2014 na akarudishwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, jirani na Ngome. Kikundi chetu kilipita karibu na kaburi la profesa wa Kampala bila kuambiwa. Mwongozaji hakujua kwamba hilo lingetugusa. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa halikuwa kwenye ratiba.

Pingamizi ninaloliogopa halikutoka chuoni. Lilitoka kwa binti mmoja wa pale mjini, aliyesubiri ndani ya mlango wake tumalize picha. Alisema kwa upole, akipita na ndoo yake: nanyi mtarudi kesho? Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Mpango wowote mzuri utaleta wa pili, na wa pili utaleta wa tatu, na mji wa watu utageuka ukumbi. Sina jibu lililonyooka. Najua tu kwamba kikundi kinachosalimia kwa lugha ya mwenye nyumba kinaweza kuambiwa hapana na kikaelewa, na kwamba asubuhi ile hakuna aliyeweza kutuambia hapana, kwa sababu hatukuwa tumemsemesha mtu yeyote. Katika mpango wangu siku zingekuwa mbili kwa wiki, si zaidi, na mtaa ambao wazee wake watakataa hautapitwa.

Kikundi cha shangazi kinarudi Mombasa Desemba, kaskazi ikianza. Wamesema safari hii hawataki ofisi, wanataka mimi, na wamenitumia orodha ya maswali kwa simu, yameandikwa kwa Kiswahili kibaya sana. La kumi na moja ni la muuza vipuri, bado anauliza habari za mkopo. Nimeandika barua kwa mkuu wa idara kuomba nauli ya wanafunzi wawili na siku kumi za kukaa mjini kabla hawajafika, tuwasikilize wazee, tupime njia kwa miguu, tuombe ruhusa mlango kwa mlango. Barua iko mezani kwake tangu wiki ya pili ya muhula.